Hisa si Sadaka: Neno kwa Watu wa Butembo na Beni Juu ya Umeme wa Ushirika

Mtu afikaye Butembo jua linapokuchwa, hususan akiwa ametoka mashamba ya Lubero ambako usiku huingia kimya kimya, huusikia mji kabla hajaupambanua kwa macho, kwani kila duka la maana, kila hoteli, kila zahanati na kila kanisa lenye vinanda huwasha grupu lake la kuzalisha umeme, na ngurumo zile zikichanganyika hufanya sauti moja nzito ambayo wenyeji wamekwisha kuizoea hata hawaisikii, isipokuwa siku inapokatika. Katika miaka ya karibuni nyaya za makampuni zimefika katika baadhi ya mitaa, nasi twashukuru. Walakini ngurumo ile haijatoweka, na maadamu haijatoweka, yatupasa tuulize ni nani ailipiaye.

Nilipata kukaa mchana kutwa katika karakana ya fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, mtengenezaji wa milango na madirisha. Kijana wake alikuwa akimimina mazutu, yaani dizeli, kwa chupa iliyokatwa kitako, mdomoni mwa chupa pamefungwa kitambaa cha kanga ili taka zisiingie katika mashine, na kila lita iliyoingia aliiandika katika daftari la shule, kwa kalamu aliyoifunga uzi shingoni. Mteja alipokuja kuuliza bei ya mlango, fundi hakuangalia chuma, alimwuliza kijana, "Mazutu leo bei gani?" Ndipo akajibu. Basi katika mlango ule wa chuma ulioko nyumbani kwako, msomaji, kuna chuma, kuna kazi ya mikono, na kuna mafuta yaliyotoka ng'ambo ya bahari, yakapita Uganda, yakaingia kwa Kasindi, yakatozwa ushuru, yakapakiwa, yakapakuliwa, hata yakawa moshi katika ua wa jirani yako. Na yote hayo katika nchi ambayo mito yake hushuka kutoka Ruwenzori na milima ya Lubero mchana na usiku bila ya kuomba ujira.

Sitaki kudhaniwa kwamba naona waliotutangulia hawakufanya lolote. Tangu zamani shirika la serikali, SNEL, ndilo lililokuwa na haki ya peke yake juu ya umeme wa nchi, na Butembo, mji wa wachuuzi uliokua pasipo kubembelezwa na serikali yoyote, haukuwekwa katika hesabu yake. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilivunja ukiritimba ule, ikaruhusu wengine nao wazalishe na wauze. Hata kabla ya sheria hiyo, mwaka 2013, Hifadhi ya Virunga ilikuwa imekwisha kuwasha mtambo mdogo wa maji huko Mutwanga, chini ya Ruwenzori, na umeme wake ukavuta kiwanda cha sabuni karibu na michikichi inayotoa mafuta. Mwaka 2017 kampuni iitwayo leo Nuru ilijenga Beni mtandao mdogo wa umeme wa jua, wa kwanza wa namna yake katika Kongo. Kazi hizi ni za kheri, na asiyezisifu hana insafu. Lakini katika kazi zote hizi sisi ni wateja: twanunua, twalipa, twalalamika, na bei ikipanda twasikia habari zake baadaye kama tusikiavyo habari za mvua. Nalo neno langu la leo ni kwamba iko njia nyingine, ambayo katika hiyo mlipaji ndiye mwenyewe, na kwamba watu wa Butembo na Beni wana sababu nyingi kuliko wengi ya kuijaribu, na pia wana tabia moja ambayo wasipoiacha itawaharibia.

Chama cha ushirika cha umeme maana yake ni nyepesi: walio na haja ya umeme huungana, kila mmoja hununua hisa, hujenga mtambo au hununua umeme kwa pamoja, huchagua wasimamizi miongoni mwao, na ziada ikipatikana hairudi kwa tajiri aliye mbali bali hurudi katika nyaya, au katika mifuko ya wanachama. Mwenye hisa moja na mwenye hisa mia wakikaa mkutanoni, kila mmoja ana kura moja. Si fikra ngeni kwetu, wala haihitaji kungojewa sheria mpya: Kongo iliingia katika OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja ya biashara, mwezi wa Septemba 2012, na kanuni ya OHADA juu ya vyama vya ushirika, iliyotungwa Lomé mwezi wa Desemba 2010, yatosha kukiandikisha chama hata cha watu watano. Kabla ya hapo tulikuwa na dekreti ya Wabelgiji ya mwaka 1956. Karatasi, basi, tunazo.

Wala asidhani mtu kwamba jambo hili ni la maskini peke yao. Marekani, katika mwaka 1935, mashamba tisa katika kila kumi hayakuwa na taa, kwani makampuni ya miji yalipopiga hesabu ya nguzo na nyaya kwenda kwa mkulima aliyeko maili kadhaa porini, yaliona hakuna faida, yakakaa. Rais Roosevelt akaunda idara ya kuwakopesha wakulima, nao wakulima wakaunda vyama vyao, mtu akiingia kwa ada ya dola tano, fedha ambayo kwa mkulima wa siku zile haikuwa ndogo. Na hata leo vyama vile, vipatavyo 900, bado vinamilikiwa na wanaowashiwa taa. Yanipendeza zaidi, hata hivyo, mifano iliyo karibu. Huko Urambo, katika mkoa wa Tabora nchini Tanzania, wananchi walianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 chama chao cha watumiaji umeme, wakachukua mashine za mazutu, zile zile zinazotutesa sisi, wakaziendesha kwa saa chache za jioni na kugawana gharama. Na ukivuka Semuliki, wilayani Bundibugyo upande wa Uganda, nchi ambayo ndani yake wamo Wakonjo, ndugu kwa damu na kwa lugha wa Wanande wa huku Butembo na Beni, chama cha ushirika kilipewa leseni ya kugawa umeme, kikasimamisha nguzo na kukusanya fedha. Mto ndio mpaka. Lakini hakuna mtu wa Beni awezaye kusema kwamba yule wa ng'ambo ana akili ambayo yeye amenyimwa.

Sasa naja kwenye tabia niliyoitaja. Watu wa Butembo na Beni wanajua kuchanga. Chuo Kikuu cha Graben kilianzishwa mwaka 1989 katika siku za Askofu Emmanuel Kataliko, nacho kilisimama kwa michango ya wenyeji, wakati hazina ya serikali ya Mobutu ilikuwa imekauka. Barabara zilitengenezwa kwa ushuru ambao wafanyabiashara na Kanisa walipatana juu yake. Na kila mtaa una likelemba yake, ambapo kila mwezi mmoja huchukua chungu chote na wengine hungoja zamu zao. Kwa ukarimu huo huo mji uliipokea SENOKI, kampuni iliyokusudia kuleta umeme wa maji Kivu ya Kaskazini. Na miaka mingi ikapita, watoto waliozaliwa siku zile wakaoa, nao wakanunua magrupu.

Sitaingia katika kutafuta mwenye kosa. Nauliza swali jingine: aliyetoa fedha yake katika jambo la namna ile, alijiona ametoa nini? Kwa maana kuna tofauti kubwa baina ya mchango na hisa, nasi aghalabu twaichanganya. Mchango ni kama sadaka: ukiisha kuutoa umejitwalia thawabu, unakwenda zako, na kumwuliza mpokeaji ameufanyia nini huonekana ni ukosefu wa adabu. Hisa si sadaka. Aliyenunua hisa amefunga ndoa, na mwenye ndoa ana haki ya kufika nyumbani na kuuliza chakula kiko wapi. Mnande huuliza bei ya kila gunia sokoni mpaka muuzaji achoke. Lakini fedha hiyo hiyo ikiisha kupita katika mkono wa mheshimiwa kwa jina la maendeleo, hunyamaza kwa heshima. Heshima hiyo ndiyo ninayoiogopa kuliko kiangazi.

Na kiangazi chenyewe tusikidharau. Mtambo wa maji una mambo machache ambayo hayapatani na uvivu: mfereji hujaa tope wakati wa mvua kubwa, mto hupungua miezi ya jua, beringi huchakaa, na transfoma ikiungua haingoji mkutano. Fundi mwema atawaambia tangu siku ya kwanza kwamba bei ya umeme sharti ibebe, juu ya mishahara, fungu la kuweka akiba kwa ajili ya siku beringi itakapokufa. Na wanachama, wakiwa wanadamu, watapiga kelele kwamba bei ni ghali, na mgombea uenyekiti mwenye maneno matamu atawaahidi kuipunguza. Watamchagua. Mwaka wa kwanza taa zitawaka kwa bei nzuri na watamsifu. Mwaka wa tatu mtambo utasimama, na fedha ya kuagiza chuma kimoja cha ukubwa wa sahani haitapatikana. Kadhalika kuna balaa la wakubwa wasiolipa: chifu hatozwi kwa kuwa ni chifu, mchungaji kwa kuwa ni mtu wa Mungu, kamanda kwa kuwa ana bunduki, na katika siku hizi za utawala wa kijeshi uliowekwa tangu Mei 2021 makamanda si haba. Mita ya kashi pawa, ile ya kulipia kabla ya kutumia, ina fadhila moja, kwamba haimjui mtu. Na iwekwe kwanza nyumbani kwa mwenyekiti.

Kuna jambo jingine ambalo wanaume hawapendi lisemwe. Umeme wa mchana, ule unaozungusha vinu vya kusagia mahindi na muhogo na kukamua mafuta ya mawese, huwatumikia wanawake kabla ya kumtumikia mwingine yeyote. Na ni vinu hivyo vya mchana vinavyoufanya mtambo ulipe, kwani mtambo unaowashwa kwa ajili ya taa na redio za jioni peke yake hulala njaa kwa muda wa saa kumi na nane. Lakini kadi ya uanachama huandikwa jina la mwenye nyumba, naye mwenye nyumba yuko Dubai au Kampala kutafuta bidhaa. Kama kadi ni yake, kura ni yake, na kinu kitawekwa mahali asipokuwepo mtumiaji wa kinu. Kadi ziandikwe mbili.

Nitajibiwa kwamba haya ni maneno ya nyakati za amani, na kwamba nchi inayoshambuliwa usiku kwa mapanga, ambayo mji wake wa Kanyabayonga ulitwaliwa na waasi katikati ya mwaka 2024, si mahali pa kupigia hesabu ya beringi. Jibu hili lina uzito, wala sina la kulipindua kabisa. Waya hauzuii risasi. Ila nakumbuka siku za ugonjwa wa Ebola, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, ukiwa umewapata watu 3,470 na kuwaua 2,287, mengi ya maziko yale yakiwa katika Beni, Butembo na Katwa. Chanjo iliyotukinga ilitakiwa ihifadhiwe katika baridi ya nyuzi 60 mpaka 80 chini ya sifuri, na baridi ile ililetwa ikategemea mashine na mafuta, chini ya ulinzi, katika vita hivyo hivyo. Basi haikuwa kweli kwamba vita huzuia kila kitu. Na la kusikitisha ni kwamba wageni walipoondoka, baridi nayo iliondoka.

Kwamba watu wetu wanaweza kusimamia chao, sina shaka, kwani vyama vya kahawa kama Kawa Kanzururu na Kawa Kabuya vimewafundisha wakulima kupima, kuosha na kuuza pamoja. Nilihudhuria wakati mmoja mkutano wa mwaka wa chama kimoja cha wakulima, ambacho sitakitaja. Mweka hazina alisoma hesabu mbio mbio, kama padri anayemaliza misa siku ya mvua, na watu walikuwa wamekwisha kuinua mikono wapitishe, ndipo aliposimama mama mmoja wa makamo, mtoto mgongoni.

"Papa mweka hazina," akasema, "umesoma magunia mapya kumi na mawili. Mimi ndiye niliyekuwa nikipokea kahawa pale penye mizani. Niliyaona tisa. Mengine matatu yalilala wapi?"

Mwenyekiti akasema muda umekwenda, jambo dogo hilo litaangaliwa. Wazee wawili wakaitikia. Lakini wanawake waliokuwa nyuma hawakushusha macho, na mmoja wao akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tutangoja." Tukangoja. Mweka hazina akatoka kwenda ghalani, mvua ikipiga juu ya mabati, na baada ya muda akarudi amelowa, na magunia mawili mkononi. Yule mama akayahesabu, akayakunja, akaketi juu yake.

"Bado moja," akasema.