Masteri ya afya si tikiti ya kupanda jipu ya ONG



Kila mwaka, masomo ikimalizika, swali moja linazunguka Goma, Bukavu, Butembo, Bunia mpaka Lubumbashi: "Nimemaliza udaktari, nimemaliza uuguzi, nimemaliza ekonomia. Sasa nifanye masteri gani? Usimamizi wa hospitali ao siasa ya afya?"

Na jibu lenye linatolewa njiani ni lile lile: "Fanya ile yenye ma-ONG wanaomba." Basi, imeisha. Baba anauza kipande cha shamba, dada anatoa zamu yake ya likelemba, kijana analipa masomo miaka mbili. Akimaliza, anakaa anangojea tangazo la kazi.

Sisi tunasema wazi: hilo jibu njo linaua hospitali zetu. Swali ni la maana sana. Lakini hakuna mutu anauliza sehemu yake ya pili: masteri gani, kwa kutengeneza kitu gani?

Tuanze kwa kutofautisha, juu watu wengi wanachanganya. Mwenye kusoma usimamizi anajifunza kuendesha nyumba ya afya: kesi ya pesa, dawa katika depo, zamu za wauguzi, mazuti ya jenereta, mashini zenye zinaharibika, fakture ya mugonjwa. Mwenye kusoma siasa ya afya anajifunza mambo yenye inaamuliwa mbali na kitanda cha mugonjwa: nani analipa, bei inawekwa na nani, bajeti inagawanywa namna gani, ugonjwa gani unapewa pesa na gani unaachwa, muuguzi anaingizwa katika lisiti ya mishahara ya Leta kwa sheria gani. Wa kwanza anashika funguo ya nyumba. Wa pili anauliza juu ya nini nyumba ilijengwa bila choo.

Chukueni jambo lenye kila familia katika inchi hii inajua. Mama amezaa kwa kupasuliwa. Mutoto muzima, mama muzima, Mungu asifiwe. Lakini fakture haijalipwa, na mama hatoki. Wiki moja, mbili, tatu. Analala katika kitanda kimoja na mwingine, ao chini. Bwana anazunguka kukopa. Kumbe kila siku ingine yenye mama anakaa mule, familia inazidi kuzama katika deni.

Ni rahisi kumutukana mukurugenzi wa hospitali. Na sisi tumekwisha kupiga kelele mbele ya milango ya namna hiyo, na tutapiga tena, juu kumufungia mutu kwa sababu ya deni ni aibu. Lakini ingieni katika ofisi yake kidogo. Wauguzi wake wengi hawako katika lisiti ya mishahara ya Leta. Wengine wanapata primu tu, wengine hata hiyo hawapati. Wanakula pesa yenye mugonjwa analipa. Akiwaachilia wamama watano bila malipo, mwisho wa mwezi muuguzi wa usiku hana kitu cha kupeleka nyumbani, na mazuti haipatikane.

Sasa, msimamizi mwenye kusoma vizuri anaweza kufanya nini? Mengi. Anaweza kubandika bei moja ukutani, yenye inajulikana mbele ya kupasua. Anaweza kukataza pesa ya mukononi na kuomba risiti kwa kila franga. Anaweza kuhesabu dawa kila juma ili zisitembee mpaka kwa famasi ya jirani. Anaweza kuonyesha wafanyakazi wote kiasi gani kiliingia na kiasi gani kilitoka. Hospitali ikifanya hivi, deni la wamama linapungua kweli kweli. Tusidharau kazi hiyo.

Lakini kuna ukuta. Hawezi kuweka mishahara yenye Leta haikutuma. Hawezi kubadilisha sheria ya kwamba masikini njo analipa serikali, pahali serikali imulipie masikini. Tena kuna hatari: ukimufundisha mutu usimamizi peke yake, ndani ya mupango wa namna hii, utamufanya kuwa fundi wa kukamua wagonjwa. Kesi itajaa, mahesabu itakuwa safi, na wamama watabaki nyuma ya mulango.

Huo ukuta haukuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1987, katika mukutano wa Bamako, mawaziri wa afya wa Afrika walikubali kwamba raia watachangia bei ya dawa, na kwamba raia wenyewe watasimamia hiyo pesa. Kwetu, Leta ilipoanguka katika miaka ya 1990, ule muchango ukageuka kuwa nguzo ya nyumba yote. Mugonjwa analipa dawa, analipa muuguzi, analipa karatasi, na sehemu ya pesa yake inapanda kulisha maofisi ya juu. Sehemu ya pili, ile ya raia kusimamia, ilisahauliwa.

Mwaka 2001 kule Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutoa 15% ya bajeti kwa afya. Katiba yetu ya 2006, artikle 47, inasema haki ya afya inahakikishwa. Sheria ya tarehe 13 desemba 2018 juu ya afya ya watu iko pia. Inchi yetu ina zoni za afya zaidi ya 500, na mupango wa zoni kwenye karatasi ni muzuri: kituo cha afya karibu na watu, hospitali kuu ya zoni, ofisi ya zoni ya kusimamia. Karatasi nzuri hatukosi. Tunakosa watu wenye kujua kuzisoma, kuzilinganisha na bajeti, na kuuliza: pesa iliandikwa, ilitoka, ilifika wapi?

Kuko wenye wanasema siasa ya afya ni maneno ya bure ya watu wa Kinshasa. Wakumbuke Ebola hapa kwetu. Toka agosti 2018 mpaka juni 2020, ugonjwa ulipata watu 3 470 na kuua 2 287. Ilipaswa kupiganishwa, na wauguzi wetu walikufa wakipigana. Lakini katika wakati ule ule, surua iliua watu zaidi ya 6 000 katika inchi yetu, wengi watoto wadogo, na chanjo ya surua inajulikana toka zamani. Surua haikuleta magari ya kukodesha. Haikuleta perdieme. Watu wa Beni na Mabalako waliuliza juu ya nini, na walijibiwa kwamba ni wajinga wenye kusikiliza mauvumi. Hawakuwa wajinga. Waliuliza swali la siasa ya afya lenye wenye diplome hawakuuliza: nani anaamua kifo gani kina bei?

Na usimamizi nao? Machi 2020, mahakama ilimuhukumu aliyekuwa waziri wa afya miaka mitano kwa pesa za Riposti, zaidi ya dola 400 000. Yeye alikana. Lakini sisi tunajiuliza mbele ya waziri: karatasi ngapi zilipita mukononi mwa watu wenye masteri, wenye kujua, wenye kunyamaza juu ya perdieme ya kesho?

Hapa njo ugonjwa wenyewe. Kijana akichagua masomo juu ya jipu ya ONG, ameisha kuamua mbele ya kuanza kwamba hatasema kitu. Tena hesabu yenyewe si ya hakika. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya inje, na kazi nyingi zikafungwa kwa siku chache tu. Wenye walijenga maisha yao yote juu ya pesa ya mugeni waliona namna nyumba inabomoka. Wagonjwa wa sida na wa kifua kikuu waliona zaidi.

Tunasikia jibu: "Ninyi wa harakati, kijana anaomba kula." Kweli. Hatumukatazi mutu kula, na kazi ya ONG si zambi. Wengi kati yao walibaki hospitalini wakati wa masasi, wakati wakubwa walikimbia. Tunakataza jambo moja: kutoa bwana wa zoni mu zoni yake, muuguzi katika kituo chake, kwa sababu mradi unalipa mara tano, na kuita hiyo "kuimarisha afya".

Basi, musimamo wetu ni huu. Wewe muganga, muuguzi, mutu wa labo, mwenye unajua harufu ya hospitali usiku: soma usimamizi, na rudi kuendesha nyumba ya afya. Kazi hiyo isiachiwe ndugu wa mukubwa. Wewe wa sheria, wa ekonomia, wa takwimu, wewe mwanaharakati mwenye umechoka kupiga kelele bila tarakimu: soma siasa ya afya. Kila mwaka, toka 15 septemba, wabunge wanaanza kikao cha bajeti. Wangapi katika Kivu na Ituri wanaweza kuchukua hiyo bajeti, kutafuta mustari wa afya, na kumufuata mubunge wao nayo? Tunawahesabu kwa vidole. Kama inaomba tuseme upande gani una njaa zaidi leo, ni huo. Ugonjwa wa hospitali zetu ni wa maamuzi mbele ya kuwa wa mahesabu. Lakini mutu wa siasa ya afya mwenye hajawahi kufungua kitabu cha kesi cha kituo cha afya ataandika ndoto. Kila mumoja ajifunze kidogo kazi ya mwenzake.

Na mbele ya kulipa franga hata moja, ulizeni iniversite maswali haya. Masteri hii inatambuliwa na wizara ya masomo ya juu, kwa karatasi ya namba gani? Nani anafundisha, na aliwahi kuendesha zoni ao hospitali? Staje inafanyika wapi: katika zoni ya kweli, ao katika ofisi ya kufotokopia? Tutajifunza kusoma bajeti ya Leta, ao maneno ya wafadhili tu? Memwari yetu itarudishwa kwa watu wenye tuliwauliza, ao itaoza katika biblioteki? Inchi iko na mashule ya afya ya watu Kinshasa, Lubumbashi na Bukavu. Haiko lazima kuuza shamba yote kwa kutafuta karatasi mbali. Lakini jina la shule halitoshi. Shule yenye inakataa kujibu maswali haya, muiache.

Kwa serikali tunaomba mambo matatu, na hatuombi kwa magoti. Kazi ya msimamizi wa hospitali ya Leta itolewe kwa mutihani wa wazi, wala si kwa karatasi ya chama. Kila hospitali ibandike kila miezi mitatu pesa yenye iliingia na yenye ilitoka. Na uzazi wa bure, wenye ulizinduliwa Kinshasa septemba 2023, ulipwe kwa wakati pahali popote unatangazwa, juu ahadi bila malipo inamurudisha mama nyuma ya ule ule mulango.

Kwa ninyi vijana tunaomba moja tu. Siku munaandika jina katika lisiti ya masteri, muandike pembeni zoni gani ya afya munataka kutengeneza. Mwenye hana jina la zoni ya kuandika, angoje kwanza, aende akaikale katika kituo cha afya mwezi mumoja, aone. Halafu achague.

Afya ni haki. Haifungiwe nyuma ya mulango.