Kazi isiwe adhabu shuleni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nitoe maoni yangu juu ya tabia ya kuwaadhibu wanafunzi kwa kuwapa kazi. Nitaanzia mbali kidogo, huko Romania.

Waromania huita kazi "muncă". Lugha yao imezaliwa na Kilatini, lakini neno hili walilipata kwa Waslavi, ambao kwao lilikuwa na maana ya mateso. Katika vitabu vya zamani vya dini vya Kiromania, "muncă" ni mateso, na kitenzi chake, "a munci", ni kutesa. Mfia dini huitwa "mucenic", neno la ukoo huo huo. Warusi nao hadi leo husema "muka" kwa maana ya mateso. Polepole Waromania wakalitumia neno hilo kwa jasho la kila siku, uchungu wake ukasahaulika, na sasa sikukuu ya 1 Mei ni siku ya "muncă" bila mtu kufikiria kuteswa.

Lakini wanalo neno jingine la kufanya kazi, "a lucra". Hili ni la Kilatini, na asili yake ni kupata faida. Jambo ni moja, maneno ni mawili: moja limetoka kwenye maumivu, jingine kwenye mapato.

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini. Mtoto akichelewa, hufyekeshwa nyasi. Akipiga kelele, huchoteshwa maji. Kesho yake mwalimu yule yule humwambia aipende kazi ya shamba la shule. Atamwamini vipi? Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka mwanafunzi aheshimu kazi ya mikono. Sisi tunamfundisha kuikimbia. Waromania walilitoa neno kwenye mateso wakalileta kwenye kazi. Sisi tunaitoa kazi tunairudisha kwenye mateso.

Nashauri mkosaji aonywe, na akizidi mzazi wake aitwe. Jembe liwe la wote, wema na watukutu, mwalimu naye akiwamo. Mavuno yapimwe mbele ya watoto, nao wale sehemu yake. Hapo wataijua kazi kwa lile neno la pili.

Walimu wenzangu mnasemaje?

Mwalimu wa Kijijini