Wanachuo na marudio

Wanaolalamika kwamba wanachuo wa leo hawajui kuandika wamezoea kumnyooshea kidole mwanafunzi, hasa yule atokaye mbali: Kishapu, Kahama, Geita. Lawama hiyo si ya haki, wala haitambui jinsi mwandishi anavyokua.

Kijana huyo aghalabu amelelewa kwa Kisukuma, akasomeshwa kwa Kiswahili shule ya msingi, kisha sekondari akatumbukizwa katika Kiingereza. Chuoni anapewa miaka mitatu. Insha yake husahihishwa mara moja, hutiwa alama, basi. Hakuna amwambiaye: ichukue, kaiandike upya. Halafu twashangaa insha ya mwaka wa tatu ikifanana na ya mwaka wa kwanza!

Wachimbaji wadogo wa Geita wanalo neno ambalo wahadhiri wangefaa kuliazima: marudio. Ni mchanga uliokwisha kuoshwa na kutiwa zebaki. Wanajua kwamba zebaki haikunasa dhahabu yote, hivyo mchanga hautupwi. Huuzwa, ukachenjuliwa tena kwa sayanaidi. (Sumu zote mbili, na madhara yake twayajua.) Chuoni marudio hutupwa.

Mtazameni Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, katika ziwa lilo hilo linalopakana na Geita. Alihitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970; mwaka uliofuata ikatoka Rosa Mistika, riwaya ya kijana, yenye kisa kilichonyooka. Nagona ilitoka 1990. Katikati mna riwaya tatu nyingine na diwani mbili, ya kwanza ikiwa Kichomi ya 1974, ambayo washairi wa vina na mizani waliipokea kwa hasira. Mimi ni mtu wa vina, na bado nasema hasira ile ilimhukumu mtu aliyekuwa njiani. Nani, kwa kuisoma Rosa Mistika, angeitabiri Nagona? Na Aniceti Kitereza, wa kisiwa hichohicho, ambaye hakupita chuo kikuu, alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe. Kiswahili chake kilichapwa 1980.

Mhadhiri mwenye wanafunzi mia tatu atasema hana wakati. Basi apunguze insha: mbili kwa mwaka, kila moja irudishwe kwa mwenyewe mara tatu, wanafunzi wakisomeana kabla haijamfikia yeye. Na rasimu ya kwanza iruhusiwe kuandikwa kwa Kiswahili.