Mlango mmoja unahitaji seva ya akiba
Mfanyakazi wa kampuni ya shaba huku Kolwezi akipewa maneno ya siri matano, huishia kuyaandika kwenye karatasi. Heri programu za kazi, hata zile za Java, zitumie mlango mmoja: seva moja inamtambua mtu, kisha inazithibitishia programu zingine bila kuzipa neno lake la siri. Akiacha kazi, anafungiwa kote mara moja.

Lakini tujifunze kwa Kenya. Julai 2023, eCitizen, ambamo raia huingia kwa akaunti moja, ilishambuliwa. Huduma nyingi za serikali zikakwama pamoja. Kampuni na ofisi za Lualaba ziweke kwanza uhakiki wa hatua mbili na seva ya akiba. Mlango mmoja ukikwama, nyumba nzima inabaki imefungwa.