Binti Anapotaka Kuuza Programu za Kompyuta

Barua tuliyoichagua mwezi huu imetoka Nandagala, wilayani Ruangwa. Aliyeiandika ni mama wa watoto wanne. Binti yake wa kwanza amehitimu stashahada ya kompyuta na amerudi nyumbani. Badala ya kuzunguka na bahasha ya vyeti akiomba kazi, anataka kutengeneza programu za kompyuta na kuziuza hapo hapo Ruangwa na Nachingwea. Ameomba fedha ya ufuta wa msimu huu anunue kompyuta mpakato. Baba anasema huo ni mchezo wa watoto. Mjomba, ambaye huko kusini neno lake huwa zito, anasema fedha ya ufuta ni ya kuezekea nyumba. Mama anauliza: je, hii ni biashara kweli?

Ni biashara kweli, mama. Ugumu wake ni kwamba bidhaa yenyewe haionekani. Programu ni maelekezo yanayoandikwa ili kompyuta au simu ifanye kazi fulani, kama kujumlisha hisa au kukumbusha deni. Hailiwi wala haivaliwi, na ndiyo maana baba haioni. Lakini mwanachama yeyote wa kikoba anaweza kuiona upesi. Mnajua jinsi siku ya kuvunja kikoba ilivyo. Daftari lina tarakimu zilizofutwa na kuandikwa tena, mweka hazina anatoka jasho, na mama mmoja anaapa kwamba marejesho ya mwezi wa tatu aliyalipa mbele ya watu. Urafiki wa miaka mingi umevunjika juu ya shilingi elfu kumi. Binti atakayeondoa ugomvi huo ana kitu cha kuuza.

Swali tunalomtupia ni hili: amekwisha kaa na kikoba chochote tangu mwanzo wa kikao mpaka mwisho, akatazama tu? Vijana wengi wakitoka chuoni hujifungia chumbani miezi sita, wakatengeneza programu kubwa yenye kila kitu, ndipo wanatoka kutafuta mnunuzi. Hapo fedha ya ufuta huwa imekwisha.

Watu wa Nachingwea wana ushahidi wa jambo hili katika ardhi yao wenyewe. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Hesabu ya kwanza ilikuwa kulima zaidi ya ekari milioni 3. Yaliletwa matrekta, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta, na huku kusini ikajengwa reli pamoja na bandari ya Mtwara. Udongo wa Kongwa ukikauka ulikuwa mgumu kama sakafu, mvua hazikuja kama zilivyopangwa, na mashine zikaharibika kwa wingi. Mwaka 1951 mradi uliachwa baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36. Reli ya Nachingwea nayo iling'olewa katika miaka ya 1960. Hawakukosa fedha wala elimu. Walikosa kulima shamba dogo kwanza na kuona udongo unasemaje.

Sasa tazameni namna nyingine ya kuanza. Sote tunatumia M-Pesa, lakini ni wachache wanaojua kwamba haikuanza kama njia ya kutumiana fedha. Mwaka 2005 ilijaribiwa huko Kenya na wakopaji mia chache wa taasisi ya mikopo midogo iitwayo Faulu, ili warejeshe mikopo yao kwa simu. Mmoja wa waliosimamia jaribio hilo alikuwa mama, Susie Lonie wa kampuni ya Vodafone. Waliwatazama wale wakopaji, wakagundua kuwa wanaitumia kwa mambo ambayo hakuna aliyewafundisha. Huyu anamtumia mwenzake fedha ya kurejeshea mkopo, yule anatuma nyumbani. Basi wakaiacha ile habari ya mikopo, na Machi 2007 ikatolewa kwa umma wa Kenya kama njia ya kutuma fedha nyumbani. Mwaka uliofuata ikafika kwetu Tanzania. Kama wangeshikilia mpango wao wa kwanza kwa sababu waliutolea jasho, labda leo tungekuwa bado tunawapa makondakta wa mabasi bahasha za fedha.

Mtasema hiyo ni kampuni kubwa, ina fedha za kujaribia. Ni kweli. Basi chukueni mabinti watatu wa Nairobi, Jamila Abass, Susan Oguya na Linda Kwamboka. Mwaka 2010 walishinda shindano la saa 48 kwa programu yao ya M-Farm. Mkulima alituma ujumbe mfupi kwa simu yake ya kawaida, akajibiwa bei ya mazao katika masoko ya mijini. Hawakudai awe na simu janja, na hilo lilikuwa jambo la busara. Baadaye waliona kwamba kujua bei hakutoshi ikiwa mkulima ana gunia moja na mnunuzi anataka lori zima, wakaongeza njia ya wakulima kuuza kwa pamoja.

Lakini binti wa Nandagala akiichukua M-Farm kama ilivyo na kuileta kijijini, atapata hasara. Huko ufuta na korosho hupitia chama cha msingi na stakabadhi ghalani, kisha mnadani chini ya chama kikuu cha RUNALI, kinachobeba herufi za Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Siku hizi minada huendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania. Bei ya mnada haifichwi. Jioni hiyo kijiji kizima kimeijua. Anachouliza mkulima ni kingine: kilo zangu zilikuwa ngapi, makato ni ya nini, na fedha itaingia lini? Huenda kazi ya binti imo ndani ya maswali hayo. Huenda pia isiwemo kabisa, ikawa kwenye duka la pembejeo ambalo mwenye nalo amewakopesha watu dawa ya mikorosho na daftari lake limeliwa na panya. Hatajua mpaka akae na watu.

Tuje kwenye bei, maana hapa ndipo wengi huanguka. Binti akiuza programu kama chungu, yaani alipwe mara moja na aende zake, atakufa njaa. Chungu kikishauzwa hakimwiti mfinyanzi usiku. Programu humwita. Simu imebadilishwa, katibu mpya hajui kuitumia, kikoba kimebadili kiwango cha faini. Programu ni kama ufuta: kuupanda ni kazi ya siku chache, kinachochosha ni palizi. Basi alipishe palizi.

Vitabu vya mjini humwambia atoze kila mwezi. Lakini Nandagala fedha haiji kila mwezi. Inakuja na ufuta katikati ya mwaka, kisha na korosho kuanzia mwezi wa kumi. Mwezi wa pili ukimdai mama shilingi 500 utaonekana mkatili; msimu wa mnada atakupa 3,000 bila kuulizwa mara mbili. Kwa mfano, kikoba cha wanachama 30, kila mmoja akitoa 3,000 kwa msimu, ni shilingi 90,000. Vikoba kumi ni 900,000, na misimu ni miwili. Toeni bando, umeme na nauli ya bodaboda, bado kuna kitu. Ila fedha hiyo lazima igawanywe ifike mpaka msimu ujao, na hapo mama aliyewahi kulisha watoto wanne kuanzia Januari hadi Mei anaweza kuwa mwalimu wa bintiye kuliko profesa yeyote.

Undugu nao una bei yake. Shangazi atataka atengenezewe bure, na jirani atasema, "Si unabonyeza tu, mwanangu?" Binti asiwatukane, wala asikubali. Awape msimu mmoja wa kujaribu, tena awaambie mbele ya wote kwamba msimu wa pili ni kwa malipo. Wewe mama ndiye utakayepelekewa malalamiko kisimani. Usimlegeze.

Kuna jambo moja ambalo hatutalipita haraka. Binti huyu atajua nani anadaiwa na nani hajalipa. Akitoa neno moja msibani, biashara imekwisha siku hiyo. Tena si adabu tu, ni sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika mwaka 2023, na anayekusanya taarifa za watu hutakiwa kujisajili kwenye Tume inayosimamia jambo hilo. Jina la biashara atalisajili BRELA na namba ya mlipakodi ataipata TRA. Hayo hayana ugumu mkubwa.

Sasa ile fedha ya ufuta. Mama, usiitoe yote, wala usimnyime. Kwanza mpe daftari la shilingi elfu mbili na miezi mitatu. Akae na vikoba vitatu katika vikao vyao vyote, kimoja cha akina mama wa kanisani, kimoja cha jirani zako Waislamu, na kimoja cha Ruangwa mjini. Hesabu zao azifanye kwa mkono pamoja na katibu. Mwishoni awaulize nani yuko tayari kutanguliza nusu ya malipo ya msimu. Wakipatikana wawili wenye fedha mkononi, mnunulie kompyuta iliyokwisha tumika, betri yake ikiwa nzima, kwa maana umeme hukatika. Akiwa na vijana wenzake wanaweza pia kuunda kikundi na kuuliza halmashauri juu ya mikopo isiyo na riba, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi mwaka 2024.

Mjomba naye asiachwe nje. Siku binti atakapoonyesha daftari lake la vikoba vitatu, mwite naye akae kwenye mkeka asikilize. Huenda chama chake cha msingi nacho kina daftari linalomkosesha usingizi.