Kidonge cha kizunguzungu
Na Mama Zuhura

Jumanne nilimkuta baba mlangoni mwa chumba chake, mguu mmoja ndani, mwingine nje, yote miwili imegoma. Mwezi uliopita alikuwa akijikongoja mwenyewe hadi barazani. Sasa mate yanamtoka, kifungo cha shati kinamshinda, na uso umekauka kama wa mtu aliyenuna, naye hakununa.

"Ugonjwa umepanda," akasema kaka.

Nikaukung'uta mfuko wake wa dawa kitandani. Katikati ya vidonge vyake vya Parkinson, levodopa, ilikuwamo sinarizini, pakiti imeshaliwa nusu. Alilalamika kizunguzungu, akaenda duka la dawa, akauziwa. Hakuulizwa hata, "Mzee, unatumia dawa gani nyingine?" Mkono unatetemeka juu ya kaunta, muuzaji anautazama!

Nimekasirika na sifichi. Mwenye Parkinson amepungukiwa na dopamini kwenye ubongo. Levodopa inamwongezea, sinarizini inaizuia isifanye kazi. Prokloperazini ni hivyo hivyo, na metoklopramidi pia, ile ya kutapika ambayo watu wanaweka masalia yake kabatini. Dawa hizi zinaweza kumtetemesha na kumkakamaza hata asiyekuwa na ugonjwa huo, sembuse baba yangu. Unamnywesha mtu maji huku umemziba mdomo.

Na kizunguzungu chenyewe? Daktari alimpima presha amelala, akamsimamisha, akampima tena baada ya dakika tatu. Ya juu ilitoka 138 ikaporomoka hadi 112. Kuporomoka huku huwapata wengi wenye Parkinson, na levodopa nayo huchangia. Sinarizini haina kazi hapo. Daktari kaisimamisha, levodopa kaiacha iendelee, na baba kaambiwa anywe maji ya kutosha na akae kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kuinuka. Kukakamaa kutaachia, lakini huenda kukachukua wiki, hata miezi. Miezi, kwa mzee wa miaka 78!

Ijumaa niliipeleka ile pakiti dukani, nikaiweka juu ya kaunta. Kabla sijafungua mdomo, kijana alishageukia kabati.

"Hii imeisha, mama. Nikupe ya kampuni nyingine?"