Mtoto Aliyeonwa Mara 60: Barua ya Wazi kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii

Kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii,
Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum,
Dodoma.

Ndugu Kamishna,

Vifo vya watoto wachanga mikononi mwa wazazi au walezi wao ni vya aina mbili, na tofauti iliyopo kati ya aina hizo ndiyo sababu ya barua hii. Aina ya kwanza ni ya mtoto ambaye hakuna mtumishi wa umma aliyewahi kuambiwa kwamba yuko hatarini. Aina ya pili ni ya mtoto ambaye jalada lake lilikwisha kufunguliwa, afisa ustawi wa jamii analijua jina lake, muuguzi amempima uzito, polisi wamemhoji mama yake, na bado anakufa kwa kipigo au kwa njaa huku vikao vya kumjadili vikiendelea. Kwa mtoto wa aina hii ya pili dola ilikwisha kuipokea dhamana, na kwa hiyo haiwezi kujitetea kwamba haikujua.

Kisa kinachofundisha zaidi katika jambo hili kilitokea Haringey, halmashauri iliyo kaskazini mwa London, na mtoto aliyehusika alijulikana kwanza kwa jina la Mtoto P, kwa kuwa mahakama ilizuia jina lake kamili lisitangazwe wakati wa kesi. Alizaliwa Machi 2006 na akafariki tarehe 3 Agosti 2007, akiwa na umri wa miezi 17. Desemba 2006 daktari aliona alama za damu iliyovilia usoni na kifuani mwake, mama yake akakamatwa na kuhojiwa, mtoto akawekwa kwa muda kwa rafiki wa familia, na jina lake likaingizwa katika rejista ya ulinzi wa mtoto, yaani orodha ya watoto ambao halmashauri imekiri rasmi kwamba wamo hatarini na imejifunga kuwafuatilia kwa mpango maalumu. Mwezi uliofuata alirudishwa kwa mama yake. Katika miezi 8 ya mwisho ya uhai wake alionwa na maafisa, wauguzi, madaktari na polisi takriban mara 60. Siku 4 kabla ya kifo chake afisa alimtembelea nyumbani akamkuta amepakwa chokoleti, na chokoleti hiyo ilikuwa imefunika majeraha. Siku 2 kabla ya kifo alipelekwa kwa daktari wa watoto, ambaye hakumfanyia uchunguzi kamili wa mwili kwa maelezo kwamba mtoto alikuwa akilialia na hana raha. Na siku moja kabla ya kifo polisi walimjulisha mama yake kwamba hatashtakiwa. Uchunguzi wa maiti ulikuta mbavu 8 zimevunjika, uti wa mgongo umevunjika, na jino lake mwenyewe alilolimeza.

Halmashauri hiyohiyo ilikuwa imeonywa kabla. Februari 2000 alikufa Victoria Climbié, msichana wa miaka 8 kutoka Ivory Coast, ambaye wazazi wake walimkabidhi kwa jamaa wa kike wa upande wa baba ili akapate elimu Ulaya, kama familia nyingi za Afrika, zikiwamo za Tanzania, zinavyomkabidhi mtoto kwa ndugu mwenye uwezo kwa nia njema kabisa. Haringey ilikuwa miongoni mwa halmashauri zilizokuwa na habari zake. Katika hospitali mojawapo aliyopelekwa, daktari aliamua kwamba alama za mwilini mwake zilikuwa za upele, na wengine wakauchukua uamuzi huo bila kuuhakiki. Tume ya Lord Laming iliyochunguza kifo hicho ilitoa ripoti mwaka 2003 yenye mapendekezo 108, na mwaka uliofuata Bunge la Uingereza likapitisha sheria mpya ya watoto. Mtoto P alizaliwa ndani ya mfumo huo uliokarabatiwa, wenye fomu mpya, bodi mpya na kompyuta mpya.

Ofisi ya Kamishna ina sababu ya kuyatazama mambo ya London kwa karibu. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 ina nyenzo za aina ileile: amri ya matunzo, ambayo humtoa mtoto mikononi mwa mzazi na kumweka chini ya ulezi mwingine, amri ya uangalizi, ambayo humwacha nyumbani chini ya jicho la afisa, na wajibu wa kila mwanajamii mwenye taarifa za kuvunjwa kwa haki za mtoto kuzifikisha kwa serikali ya mtaa. Nyenzo hizo ni njema. Haringey nayo ilikuwa nazo, na ilikuwa na magari, madaktari bingwa na maafisa wengi kuliko halmashauri yoyote ya Tanzania inavyoweza kutarajia kwa miaka mingi ijayo, kwa hiyo anayedhani kwamba ukosefu wa fedha pekee ndio unaoua watoto waliokwisha kufahamika kwa maafisa hana budi kueleza kwa nini mara 60 hazikutosha.

Jibu moja ni kwamba walioonana na mtoto walimsikiliza zaidi mtu mzima aliyembeba. Mwaka 1983 wanazuoni watatu wa Uingereza, Dingwall, Eekelaar na Murray, walitoa kitabu kuhusu kazi ya ulinzi wa mtoto ambamo walieleza jambo waliloliita kanuni ya matumaini, yaani mwelekeo wa maafisa kuchagua, kati ya tafsiri mbili za jambo wanaloliona, ile inayomwonyesha mzazi kuwa mwema, kwa sababu kumdhania mama ubaya ni jambo zito na kwa sababu kazi yenyewe imejengwa juu ya imani kwamba watu hubadilika. Wataalamu waliofuata wakaongeza dhana ya utii wa juujuu, ambao ni hali ya mlezi kuhudhuria vikao, kukubali ushauri na kuwashukuru maafisa, huku nyumbani hakuna kilichobadilika. Mama wa Mtoto P alionekana kuwa mshirika mwema wa maafisa, akieleza kwamba mtoto hugonga kichwa na huanguka ovyo, na mwanamume aliyekuwa akiishi naye hakuchunguzwa kama mkaaji wa nyumba hiyo. Mtu hatari kuliko wote alikuwa nje ya jalada.

Mtoto wa miaka 8 anaweza, akipata mtu wa kumwamini, kusema. Mtoto wa miezi 4 hana ushahidi mwingine isipokuwa mwili wake, na mwili huo una kanuni zinazojulikana. Tangu mwaka 1962, Henry Kempe na wenzake wa Denver, Marekani, walipoeleza kitabibu dalili za mtoto aliyepigwa, udaktari umejua kwamba mifupa iliyovunjika kwa nyakati tofauti na maelezo yasiyolingana na jeraha ni ishara za kutisha. Utafiti mwingine wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999 ulichunguza ngozi za watoto 973 chini ya miaka 3 waliofika kliniki kwa uangalizi wa kawaida, na kati ya 366 waliokuwa chini ya miezi 6 ni wawili tu waliokutwa na alama za damu iliyovilia. Maana yake inaeleweka na mama yeyote: mtoto asiyetambaa wala kusimama kwa kushikilia hana namna ya kujigonga mara kwa mara, na alama ndogo shavuni, sikioni au tumboni mwake, ambayo kwa mtoto wa miaka 3 isingemshtua mtu, kwake ni dharura.

Hapa ndipo Tanzania ina kitu ambacho wengi wangekitamani. Mtoto mchanga wa nchi hii hupelekwa kliniki kwa chanjo akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha miezi 9 na miezi 18, na kati ya nyakati hizo hutakiwa kupelekwa kupimwa uzito, akiwa amevuliwa nguo na kuning'inizwa kwenye mizani mbele ya muuguzi. Hakuna afisa wa ustawi, polisi wala hakimu anayeuona mwili wa mtoto kwa utaratibu huo. Kadi ya kliniki, hata hivyo, imejengwa kwa ajili ya uzito, chanjo, vitamini A na dawa za minyoo, na muuguzi mwenye foleni ya kina mama 80 tangu asubuhi hawezi kulaumiwa akijaza yale tu ambayo kadi inamuuliza. Ombi la kwanza la barua hii ni kwamba ofisi ya Kamishna ikubaliane na Wizara ya Afya juu ya kanuni moja fupi, inayoweza kuandikwa ukutani katika kila zahanati: mtoto ambaye bado hatambai akionekana na alama ya jeraha, achunguzwe mwili mzima na daktari au tabibu siku hiyohiyo, na afisa ustawi wa jamii ajulishwe siku hiyohiyo, hata kama maelezo ya mzazi yanaridhisha. Kanuni isiyotegemea hisia ya muuguzi humlinda pia muuguzi mwenyewe, ambaye mara nyingi ni jirani wa mama huyo na atakutana naye sokoni kesho.

Kutotunzwa, yaani mtoto kukosa kwa kuendelea chakula, usafi, matibabu na uangalizi ambao mlezi angeweza kuupata au kusaidiwa kuupata, ni jambo gumu zaidi, kwa sababu umaskini huacha alama zinazofanana nalo. Mstari wa uzito unaoshuka kwenye kadi hautofautishi mama asiye na unga na mama anayemfungia mtoto ndani kutwa nzima. Ni dhuluma kumchukulia wa kwanza kama mkosaji, na kinachowatenganisha wawili hao ni kuwafuata nyumbani, kuwapa msaada, na kuangalia kama mtoto ananenepa baada ya msaada kufika. Msaada wenyewe ndio kipimo.

Takwimu za taifa nazo zina ukimya wake. Utafiti mkubwa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011 uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24 kuhusu waliyoyapitia utotoni, na ulifanya kazi kubwa ya kuiamsha nchi, lakini kwa muundo wake uliwasikia walioishi hadi kufikia umri wa kuhojiwa. Mtoto aliyekufa na miezi 7 hayumo, na pengine ameandikwa mahali fulani kwamba alikufa kwa kuanguka au kwa homa.

Walio karibu naye kwa kawaida hujua. Septemba 2020, huko Keighley katika halmashauri ya Bradford, kaskazini mwa England, aliuawa mtoto wa kike wa miezi 16 baada ya ndugu na marafiki wa familia kutoa taarifa mara 5, na mapitio ya kitaifa yaliyotolewa Mei 2022 yalikuta kwamba wasiwasi wa ndugu ulipuuzwa, ukionekana kuwa wa chuki badala ya kuchunguzwa. Tanzania ina simu namba 116, ina Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, na ina kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zilizoanzishwa chini ya Mpango wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto (MTAKUWWA) hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Bibi anayepiga simu kumshtaki mkwewe huenda kweli ana ugomvi naye, na huenda vilevile anasema kweli. Mambo hayo mawili hayapingani, na afisa anayepokea taarifa anapaswa kufundishwa kuuona mwili wa mtoto kabla hajapima nia ya mtoa taarifa.

Kuna njia moja ambayo ofisi ya Kamishna inaombwa isiifuate. Baada ya hukumu za mwaka 2008 katika kesi ya kifo cha Mtoto P, hasira ya umma wa Uingereza iliwaangukia wafanyakazi wa ustawi, na mkuu wa idara ya watoto wa Haringey aliondolewa kwa agizo la waziri, ingawa Mahakama ya Rufaa ilikuja kuamua mwaka 2011 kwamba hakutendewa haki. Maombi ya kuwatoa watoto kwa wazazi wao yalipanda ghafla, kwa kuwa kila afisa aliogopa kuwa wa pili. Mwaka huohuo wa 2011 Profesa Eileen Munro, aliyepewa kazi na serikali kuupitia mfumo mzima, alieleza kwamba maafisa walikuwa wamezama katika kutimiza fomu na muda uliowekwa, hata wakakosa nafasi ya kukaa na mtoto. Hofu iliongeza karatasi, na karatasi zikapunguza macho.

Kwa Tanzania hatari hiyo ina sura yake. Sera ya ustawi iko wizarani, afisa ustawi wa jamii ni mtumishi wa halmashauri chini ya TAMISEMI, muuguzi yuko upande wa afya, polisi wako Wizara ya Mambo ya Ndani, na amri hutolewa na Mahakama. Mtoto akifa, kila mmoja anaweza kuonyesha kwa maandishi kwamba alitimiza sehemu yake, na wote wakawa wakweli. Kwa hiyo ombi la pili ni kwamba kila mtoto aliye hatarini awe na afisa mmoja mwenye jina, anayeshika habari zote, anayejua kila mtu mzima anayelala katika nyumba hiyo, na ambaye hakuna mwingine anayeweza kulifunga jalada bila yeye kumwona mtoto kwa macho yake. Ombi la tatu ni kwamba kila kifo cha mtoto chini ya miaka 5 ambaye alikwisha kufahamika kwa maafisa kipitiwe na jopo lisilo la halmashauri husika, lenye daktari, polisi, mwanasheria na afisa ustawi, lisilo na kazi ya kutafuta wa kufukuzwa, na kwamba ripoti yake ichapishwe bila jina la mtoto na isomwe katika vyuo vya ustawi wa jamii na uuguzi. Kesi ya jinai ina njia yake na iendelee huko.

Ofisi ya Kamishna inaombwa kutoa jibu la hadhara, likitaja ni lini kanuni ya zahanati itaanza kutumika na ni halmashauri ipi itakayoanza nayo.